Ng'ombe Niliyempokea kwa Neno Moja

Whitehall, Columbus, Ohio
Mwezi wa tisa, 2015

Dada yangu mkubwa Marita,

Mimi mdogo wako Rubeni nimekaa mezani, nimezima redio, nimefunga simu, nimeomba Mungu, na sasa nakuandikia. Magoti yako yanasemaje? Ile dawa ya kupaka niliyotuma na watu wa Mbarara ilikufika, au imepakwa magoti ya watu wengine njiani? Mvua imeshuka huko kambini? Mahindi yamesimama? Mwambie jirani yetu wa Fizi, anayekusomea barua hii, kwamba nampa heshima yake yote, lakini leo asome kwa sauti ya chini na afunge mlango kwanza. Mambo yaliyo humu si ya kusikilizwa na foleni ya bomba la maji.

Najua umenipigia simu. Ulipiga Jumapili, ukapiga Jumatatu, ukampigia hata mke wangu akiwa kazini kwa wazee anaowahudumia. Simu yangu haijaharibika, Dada. Ni mimi ndiye nimeharibika. Nikiona jina lako linawaka kwenye kioo, mkono unakuwa kama wa mtu mwingine. Ndiyo maana nimeshika kalamu, mimi niliyeacha masomo kalasi ya tano. Barua hii anakuletea wifi yako Debora wa Shively, anayekuja huko kwa shughuli za kanisa. Yeye alikuwapo siku ile. Nikidanganya atakwambia, donc, basi, sidanganyi.

Unakumbuka ulichoniagiza. Tulikuwa kanisani, nimeweka simu kwenye sauti kubwa ili watu wakusalimie, ukasema, “Rubeni, huyo mtoto wangu Solange usimtoe kwa mtu yeyote mpaka nimwone kwa macho yangu.” Na mimi nikajibu, tena nimesimama, “Dada, hata akija rais na ng'ombe mia, atarudi na ng'ombe zake mia na vumbi lao!” Watu wakapiga makofi. Mchungaji mwenyewe akacheka mpaka akavua miwani. Hilo neno nalikumbuka vizuri. Linanikumbuka na lenyewe.

Bon. Nianze na hawa watu, maana kwa simu nilikusimulia nusu nusu, na ile nusu niliitia chumvi.

Wanaitwa Waamishi. Ni wazungu, lakini si wazungu wa umeme. Hawana motokari, wanatembea kwa mkokoteni wa farasi. Wanalima kwa farasi. Wanaume wana ndevu kidevuni na hapa juu ya mdomo wamenyoa, wanawake wamefunika kichwa kama mama zetu wa maombi. Bunduki ya vita hawashiki, hata serikali ikiwaita hawaendi. Na nyumbani kwao hawasemi Kiingereza, wanasema Kidachi. Ndiyo, Dada, Kidachi cha wale Badachi, Wajerumani, aliokuwa akiwataja babu, waliopigana na Wabelgiji pale ziwani, babu akawabebea mizigo mpaka Usumbura akarudi na kofia ya chuma. Hawa walihama kwao zamani sana kwa sababu ya dini, kabla ya babu wa babu yetu, na ile lugha wakaibeba wakaja nayo. Hawajaiweka chini mpaka leo.

Wanazo lugha tatu na kila moja ina kazi yake. Kiingereza ni cha sokoni na cha sisi wageni. Kidachi ni cha jikoni, cha watoto na cha wanyama. Kisha kuna kingine cha kale, cha Biblia, wanachoimbia kanisani taratibu mno, unaweza kutoka ukala ukarudi ukawakuta bado wako kwenye mstari wa kwanza. Mtoto wao anafika shule hajui Kiingereza. Na shule yenyewe, Dada, wanaiita “shul”! Nilipolisikia hilo nikajua mimi na hawa watu ni ndugu. Mimi watoto wangu niliwaleta juzi tu, wakiwa wanasema Kiswahili kama redio, na leo nikiwaita waje kula wananijibu kwa Kiingereza, tena kwa kupandisha bega.

Kwa vile hawaruhusiwi kuwa na motokari lakini wanaruhusiwa kupanda ya mtu mwingine, wanahitaji dereva. Dereva huyo ni mimi. Niliacha bohari la maboksi, nikatafuta gari la viti kumi na vitano, na sasa harusi zao, misiba yao, meno yao ya kung'olewa, yote yanapita kwangu. Nimewapeleka Kentucky nikalala kwa Debora Shively. Nimewapeleka kule nyuma ya Buffalo, theluji ikafika kwenye madirisha, wakaimba nyimbo za kuaga dunia, mimi nikatoa kichwa nje nikaendesha kwa kunusa barabara. Muulize yeyote. Farasi wao wakisikia honi yangu wanasimama mguu sawa.

Na katika kukaa nao nikajua Kidachi. Najua “ya”. Najua “nee”. Najua “denki”, ambayo ni asante, na “kum rai”, ambayo ni karibu ndani. Kwa maneno manne, Dada, nimetembea majimbo matatu! Wao wakizungumza nyuma yangu mimi naitikia “ya, ya” na kutikisa kichwa, wanafurahi sana. Nikawaambia babu yangu alikuwa mkalimani mkuu wa Badachi wote wa Afrika. Na watu wetu hapa Whitehall nikawaambia Kidachi nakifahamu kama kiganja changu. Wakaniita Rubeni Mdachi. Jina likanikaa vizuri.

Sasa Solange.

Wewe uliachana naye akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, jina lako likabaki kwenye faili lile jingine la wakimbizi, ambalo halijaitwa mpaka leo, na mimi nikamvusha kama wangu. Unajua kwamba alimaliza shule hapa, akaingia bohari, kazi ya kufunga maboksi. Usichojua, kwa sababu nilikuficha usiumie, ni kwamba alikuwa halali. Anarudi kazini, anakaa kitandani na simu, anaangalia picha za huko kwetu milimani: kijiji fulani kimechomwa, ng'ombe fulani wamechukuliwa. Anasoma majina. Nikimwambia, “Mama, lala,” ananiambia, “Bado sijamaliza, Mjomba.” Akakonda, shingo ikawa kama ya bata.

Ndipo mimi, mimi huyu mwenye akili, nikafikiri: huyu ni mtoto wa watu wa ng'ombe, tumemfungia kwenye maboksi. Kuna mzee mmoja wa Waamishi, mzee Levi, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, mwendo wa saa mbili hivi kutoka hapa. Mke wake anaoka mikate ya kuuza. Nikampeleka Solange asaidie siku za Jumamosi. Jumamosi zikazaa Ijumaa. Ijumaa ikazaa juma zima, akahamia kwao. Imekuwa miaka miwili sasa.

Siku moja nilifika pale kuchukua watu, nikapita kando ya zizi, nikasikia mwanamke ndani anasema na ng'ombe kwa Kidachi. Maneno ni Kidachi tupu, lakini sauti, Dada, sauti ni yako. Ile ile ya jioni kule juu milimani, ulipokuwa ukiwaita ng'ombe walio nyuma. Nikasimama. Nikachungulia. Ni Solange, amekaa kwenye kigoda, nguo ya buluu ndefu, kilemba cheupe kidogo, paji la uso amelilaza ubavuni mwa ng'ombe, anasimulia. Anamsimulia nini, mimi sikujua. Nilitikisa kichwa kama kawaida yangu, na hapakuwa na mtu wa kuniona.

Uliniomba picha yake. Sikupiga. Wao hawasimami mbele ya kamera, na yeye sasa hasimami. Nikueleze basi kwa mdomo: amenenepa. Mashavu yamerudi. Mikono imekuwa migumu kama yako. Nguo anafunga kwa pini, vifungo hawataki.

Mwezi wa saba akaniambia. Tulikuwa kwenye gari, mimi naendesha.

“Mjomba, mwaka huu nitabatizwa huku.”

“Wewe ulibatizwa ziwani, nilikuwapo, ulikunywa maji.”

“Nitabatizwa tena. Kisha kuna Amosi.”

Amosi ni mtoto wa mzee Levi. Kijana mrefu, kimya, masikio makubwa. Nilikuwa nimempakia mara nyingi na sikuwahi kumdhania kitu.

Nikasimamisha gari kwenye nyasi. Nikamwambia, “Solange, hawa watu hawapandi ndege. Hawana simu ndani ya nyumba. Ukiingia umeingia, ukitoka wanakutenga, hata meza hamli pamoja. Mama yako faili lake limelala. Asipokuja yeye na wewe usipokwenda, mtaonana wapi?”

Akasema, “Nalala, Mjomba. Huku nalala.” Na baadaye kidogo akasema, “Na hawatakuja kuchukua mtoto wangu wa kiume wampe bunduki.”

Ungekuwa wewe ungejibu nini? Mimi niliwasha gari.

Lakini unanijua, sikushindwa hapo. Nikapanga. Nikajiambia: kumkataza Solange siwezi, ana miaka ishirini na miwili na kichwa cha baba yake. Lakini hawa watu naweza kuwashinda wao. Nitakwenda na ujumbe kamili, kama desturi yetu inavyotaka, nidai mahari ya kuvunja mgongo. Ng'ombe thelathini. Mfugaji yeyote ukimwambia thelathini anakuonyesha barabara. Basi watakataa wenyewe, Solange ataona walivyo, atarudi Whitehall, na mimi sijamkataza mtu. Ni mpango mzuri au si mzuri? Mpaka leo nasema ulikuwa mzuri.

Nikamwita shemeji yako Sadoki kutoka Buffalo, kwa sababu ndiye kaka wa marehemu mume wako na ndiye mwenye haki ya kusema. Akafunga duka lake la Grant Street, akaja na basi, na katoni ya Fanta mgongoni na mfuko wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, unaonuka mpaka dereva akamhamisha kiti. Debora akaja kutoka Shively na kitenge kipya. Solange nikampa amri kwa ujumbe kupitia mama yake Amosi: “Siku hiyo utakaa pembeni, kichwa chini, usifungue mdomo. Binti hasemi kwenye mahari yake. Usinitie aibu.”

Njiani Sadoki akaanza kunichokoza.

“Rubeni, mimi ndiye mzee hapa. Niseme mimi.”

“Shemeji, utasema kwa lugha gani? Ile ya kuuzia mchele?”

“Si banajua Kiingereza, bale batu?”

“Mambo mazito wanasema kwa Kidachi. Uniachie mimi.”

“Wewe Kidachi unajua chenye kununulia mkate tu.”

Debora kule nyuma akacheka, “Muache Mdachi wetu, baba. Leo ndiyo siku yake.”

Tukafika mchana. Suti mbili alizokuja nazo Sadoki, moja nilivaa mimi, moja yeye. Debora anang'aa kama tausi. Kumbe kwao uchumba ni siri kabisa, haujulikani mpaka mzee wa kanisa autangaze, na sisi tumeshuka na Fanta na kitenge katikati ya uwanja, mikokoteni inapita barabarani inasimama kutazama. Mzee Levi akatuingiza ndani haraka.

Tukakalishwa mezani. Viazi, kuku, tambi, mkate, tunda la kupikwa ndani ya unga. Mzee Levi akainamisha kichwa, wote wakainama, kimya. Nikafikiri wananingoja mimi mgeni niombe. Nikaomba! Nikaanzia Adamu. Nikapita Misri. Nikafunga mashetani ya kambi, ya Ohio na ya barabarani. Debora anaitikia “Amina! Amina!” Nilipofungua macho wote walikuwa wananiangalia na viazi vimepoa. Baadaye nikajua wao huomba kimya kimya tu. Solange kule pembeni alikuwa ameziba mdomo na kitambaa. Ama alicheka ama alilia, sikujua. Kati yetu wote mezani ni yeye peke yake aliyekuwa anasikia pande zote mbili, na mimi ndiye niliyemfunga mdomo.

Tulipomaliza kula nikasimama. Nikasema kwa Kiingereza changu kwamba sisi ni watu wa milimani, watu wa ng'ombe, kwamba kwetu binti hatoki kama maboga, na kwamba tunadai ng'ombe thelathini. Nikakaa. Nikamkonyeza Sadoki.

Mzee Levi hakukasirika. Alimgeukia mkewe, wakaanza Kidachi. Wanasema, wananyamaza, wanasema. Mzee wa kanisa lao alikuwapo pia, mwenye ndevu nyeupe, naye akatia neno. Sadoki akaninong'oneza, “Banasema nini?”

“Wanahesabu zizi,” nikamwambia. “Haitoshi.”

Kisha mzee Levi akanigeukia. Akasema kwa Kiingereza, “Rubeni, sisi hatununui mtu na hatuuzi mtu. Lakini nikikaa kwenye meza yako nitakula chakula chako. Ng'ombe thelathini sina za kutoa. Mmoja ninaye. Na kuna jambo nataka kukuuliza, na jambo hilo kwa Kiingereza maneno yake sina. Wewe unakifahamu Kidachi. Umetuambia mara nyingi.”

Dada, wote waliniangalia. Sadoki ananiangalia. Debora ameinua kidevu kwa fahari.

Akauliza. Sentensi ndefu, taratibu, ananitazama machoni. Nikamwangalia Solange. Ameinamisha kichwa kama nilivyomwagiza.

Nikasema, “Ya.”

Akauliza tena, swali jingine. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

“Ya.”

Akauliza la tatu. Hili lilikuwa fupi. Mama yake Amosi aliweka mkono kifuani akingoja. Na mimi kwa sababu nilishaona “ya” inakwenda vizuri, nikaisema kwa nguvu, nikapiga na meza.

“Ya!”

Yule mama akalia. Mzee Levi akasimama, akavaa kofia, akatoka. Tukamfuata nje, mimi bado nafikiri tunasindikizwa kwenye gari tuondoke, mpango umefaulu. Nikaona Amosi anatoka zizini anavuta mtamba. Wa rangi ya asali, paji jeupe, ana mimba, mgongo umenyooka, macho kama ya bibi harusi. Pembe hana. Huku wanazitoa wakiwa wadogo. Sadoki akasema, “Mahari isiyo na pembe! Mama yangu!” Lakini nilimwona naye anamtazama. Sote tulimtazama. Ni muda gani, Dada, hatujasimama karibu na ng'ombe aliyeletwa kwa ajili yetu?

Amosi akaninyooshea kamba.

Nakuapia sikukusudia. Mkono wa mtu wa ng'ombe haumwulizi mwenyewe. Nilijikuta nimeshika kamba, mkono wa pili uko shingoni mwa mnyama, nampapasa pale chini wanapopenda. Na unajua kwetu: ukishika kamba umepokea, na ukipokea umetoa. Kabla sijaiachia, Debora akapiga vigelegele. Vikaenda mpaka kwenye vilima vikarudi. Farasi wakaruka. Sadoki akavua kofia akasema, “Bon. Imekwisha.” Akaanza kugawa Fanta.

Nikamvuta Solange nyuma ya ukuta wa zizi.

“Aliniuliza nini?”

“Mara ya kwanza aliuliza kama ndugu zangu wananiachilia bila kinyongo.”

“Mara ya pili?”

“Kama mnajua kwamba nikiingia siwezi kurudi nyuma.”

“Na ya tatu?”

Akatazama chini. “Aliuliza, ‘Mama wa huyu mtoto ameridhika?’”

Na mimi nilipiga meza, Dada.

Nikamwambia, “Kwa nini hukunizuia? Wewe ulikuwa unasikia!”

“Ulisema nisifungue mdomo, Mjomba.” Kisha akanishika mkono, mkono wake mgumu kama wako. “Na nilitaka useme. Nilitaka mtu mmoja wa kwetu aseme ndiyo. Hata kama hajui anasema nini.”

Tulirudi Columbus, Sadoki na Debora wanaimba. Wananisifu. “Mdachi! Mdachi!” Mimi naendesha, nimekaza shingo, naogopa kugeuka waone uso. Ng'ombe tulimwacha kule. Ningemweka wapi, kwenye maegesho ya Whitehall?

Nilikaa na jambo hilo juma moja. Halafu nikarudi peke yangu. Nikamkuta mzee Levi anatengeneza hatamu ya farasi. Nikamwambia kwa Kiingereza, nimetoa kofia: “Mzee, Kidachi sijui. Najua maneno manne. Babu yangu alibeba mizigo tu. Mama wa mtoto hajaridhika, hajui lolote.”

Aliendelea kushona kidogo. Akasema, “Niliogopa hivyo ulipoijibu ya tatu haraka.” Halafu akasema, “Ng'ombe ni wako. Ulimwomba, nikaona ni desturi yenu, nikampa, sirudishi mkono. Lakini msichana hana kamba shingoni. Muulize mwenyewe.”

Nikaenda kwa Solange. Nikamwambia twende nyumbani, nitaharibu jina langu mbele ya Sadoki, mbele ya kanisa zima, nitasema ukweli, twende tu. Alikuwa anakamua. Hakuacha kukamua.

“Mjomba, ng'ombe yule hajapewa jina.”

“Jina la nini?”

“Bibi ndiye aliyempa jina ng'ombe wa mahari ya mama. Mama alinisimulia. Kwetu mama wa binti ndiye anayetaja jina, na asipolitaja, ng'ombe anarudishwa alikotoka.”

Dada, mimi nilikuwa nimesahau. Mtoto aliyeondoka na miaka kumi na mmoja ndiye amenikumbusha. Na mara moja nikamwona mama yetu siku ile ya kwako: ng'ombe amefungwa uani, mama amekaa mlangoni, kutwa nzima hasemi, na kesho yake hasemi. Wewe unalia jikoni. Baba anazunguka nyumba. Wale wakwe wameanza kukunja mikeka yao. Ndipo jioni mama akainuka, akamshika ng'ombe sikio, akalitaja jina, na wewe ukawa mke wa mtu.

Solange akasema, “Nimewaambia wazee wa kanisa sitaingia kwenye ubatizo mpaka neno la mama lifike. Wamesema watangoja mpaka majani yaishe mitini, kisha watabatiza wengine bila mimi. Mwambie mama ampe jina. Na kama hampi, nitajua. Nitamfungua mwenyewe nimrudishe kwenye kundi, na nitarudi Whitehall na wewe. Sitamlaumu.”

Ndiyo habari, Dada Marita. Ndiyo yote, bila chumvi.

Ungeniuliza, “Rubeni, wewe unaonaje?” ningekujibu nini? Nikisema mpe jina, nimekunyang'anya mtoto mara mbili. Nikisema usimpe, ninamrudisha kwenye kitanda kile na simu ile na majina yale, naye atarudi kweli, ni mtoto wa kutimiza neno. Maisha yangu yote nimekuwa na la kusema. Ukinipa jambo la kidole nakurudishia la mkono mzima. Hili nimelizunguka kama mtu aliyepoteza ufunguo na mlango pamoja. Sina la kukushauri. Debora atakaa kwako siku zote atakazokuwa huko. Ukilipata jina, mpe yeye anipigie, mimi nitakwenda nilitaje pale zizini kwa niaba yako. Usipolipata, asinipigie. Nitaelewa simu inyamazapo.

Debora naye hajui kwamba sijui Kidachi. Atalisikia hapo hapo barua ikisomwa. Ulimi wake unaujua. Mwache aseme.

Nisalimie mama mdogo, anayeshona mashuka ya hospitali ya kambi. Nisalimie yatima wa kaka yetu, yule mkubwa anayefundisha kwaya na yule mdogo anayenyoa watu kwa mashine ya betri. Nisalimie mzee wa kanisa wa kijiji chenu, aliyetuombea siku tunaondoka. Na wewe jirani wa Fizi unayesoma, asante kwa macho yako. Ukifika hapa, mshike Dada mkono kabla hujaendelea.

Jana nimepita kule kupeleka watu msibani. Nilichungulia zizini kama kawaida. Ng'ombe wote Solange anawaita kwa majina yao ya Kidachi, mmoja mmoja, anawasimulia mambo. Akifika kwa yule wa rangi ya asali ananyamaza. Anamwekea mkono mgongoni, anasimama naye kidogo, anapita.

Ndugu yako mdogo, aliyeishiwa maneno,

Rubeni